Baiskeli Mbili Zikigongana Uganda: Namna ya Kudai Fidia

Baiskeli haina bima. Bima ya lazima ya mhusika wa tatu nchini Uganda ni ya magari na pikipiki, kwa hiyo waendesha baiskeli wawili wakigongana hakuna kampuni ya kuandikiwa barua ya madai. Anayelipa ni aliyekosea, kutoka mfukoni mwake, na mfuko huo mara nyingi umetoboka. Madai yako yatasimama kwa ushahidi utakaokusanya siku ileile na kwa maandishi mtakayowekeana baadaye.

Pale barabarani

Majeruhi kwanza. Akishapata msaada, piga picha kabla baiskeli hazijainuliwa. Pata picha moja ya mbali inayoonyesha barabara nzima na upande kila baiskeli iliko, kisha za karibu: alama za tairi, changarawe iliyotawanyika, mzigo uliomwagika, shimo kama lipo. Uganda tunaendesha kushoto, hivyo mahali magurudumu yalipoishia ni jambo zito.

Chuma nacho ni shahidi. Foki iliyorudi nyuma kuelekea fremu huonyesha kwamba baiskeli iligonga kwa mbele. Karia iliyokunjika na rimu ya nyuma iliyopinda huonyesha kwamba iligongwa kutoka nyuma. Usikimbilie kwa fundi kabla ya kupiga picha hizo, na ukitengeneza, dai vipuri vya zamani urudi navyo nyumbani. Wengi humwachia fundi, naye huviuza kama chuma chakavu, na ushahidi unaondoka navyo.

Andika jina la mwenzako, namba ya simu, kijiji chake na jina la mwenyekiti wake wa LC1, yaani baraza la kijiji. Namba ya simu hubadilika, lakini mwenyekiti atajua aliko mtu siku ya kupelekewa wito wa mahakama. Tafuta mashahidi wawili wasio ndugu zako: muuza ndizi wa kando ya barabara, au kijana wa steji ya boda iliyo karibu. Kumwambia mwenzako "pole" hakukuharibii kitu, kwani pole ni heshima. Usitie saini karatasi yoyote ukiwa bado unatetemeka.

Polisi na hospitali

Ripoti kituoni siku hiyohiyo na uchukue namba ya kumbukumbu ya ripoti. Ukiwa umeumia, omba fomu ya polisi namba 3, ile inayoitwa PF3. Daktari ataijaza akieleza jeraha liko wapi, ukubwa wake na kilicholisababisha. Ukichelewa wiki mbili, mchubuko umepona na daktari ataandika anachokiona siku hiyo, yaani karibu hakuna kitu. Toa nakala kabla ya kuirudisha polisi.

Polisi huchunguza kosa la jinai, kwa mfano kumwumiza mtu kwa uzembe. Hawana mamlaka ya kukuamulia fidia. Hakimu akimtia mtu hatiani anaweza kuamuru fidia papo hapo, lakini usikae kungojea kesi ya jinai. Madai ya fidia ni kesi ya peke yake na unaweza kuyafungua hata kama hakuna aliyeshtakiwa.

Hesabu ya hasara

Mahakama hugawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni hasara maalumu: fedha ulizotoa au kukosa, ambazo lazima uzitaje moja moja na kuzithibitisha. La pili ni fidia ya jumla kwa maumivu, kovu au ulemavu, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe.

Tuchukue mfano wa boda wa baiskeli wa Busia anayeingiza shilingi 12,000 kwa siku baada ya gharama. Amelala siku 18 za kazi, hiyo ni 216,000. Matibabu yamekula 85,000, foki na rimu 60,000. Jumla ni 361,000. Sasa ikiwa ilikuwa usiku na yeye hakuwa na taa, hakimu anaweza kusema amechangia ajali kwa robo, akamkata 90,250 na kumwachia 270,750. Sheria ya Uganda haimnyimi kila kitu mtu aliyechangia kosa. Humpunguzia kadiri ya mchango wake. Basi taja udhaifu wako mapema kwa anayekusaidia, ausikie kwako kabla hajausikia kwa upande wa pili.

Risiti ya fundi iwe na tarehe, jina lake, kazi aliyofanya na bei ya kila kipuri. Fundi asiye na kitabu cha risiti anaweza kuandika kwenye karatasi ya daftari, akatia saini, na akawa tayari kuja kutoa ushahidi. Kwa kipato kilichopotea, daftari la kila siku au rekodi za fedha za simu zina uzito kuliko neno la mdomo.

Mkataba wa maelewano

Hapa ndipo ajali nyingi za baiskeli humalizikia, na hapa ndipo watu huumia mara ya pili. Karatasi isemayo tu "tumesameheana na atasaidia matibabu" haina nguvu. Iandikwe hivi: majina kamili na vijiji vya pande zote mbili, tarehe na mahali pa ajali, na maneno yaliyo wazi kwamba *fulani anakiri kudaiwa na fulani shilingi kadhaa*, kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe ya kila awamu ya malipo. Mashahidi watie saini, na mwenyekiti wa LC1 agonge muhuri.

Neno *anakiri kudaiwa* lina kazi kubwa. Utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 bila mawakili, lakini ni kwa ajili ya madeni, bidhaa zilizouzwa na kodi ya nyumba. Ajali yenyewe haimo. Deni lililokiriwa kwa maandishi, hilo ni deni. Mwenzako akiacha kulipa, mpe barua ya kudai, subiri siku 14, kisha nenda mahakamani na mkataba wako.

Kama mmoja wenu hajui kusoma, mkataba asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka dole gumba, na aliyeuandika aweke jina lake la kweli na anwani yake kamili kama mwandishi. Sheria ya Uganda inadai hivyo, na karatasi isiyo na jina la mwandishi imewaangusha watu mahakamani.

Usikubali maneno "sitadai tena chochote" kabla daktari hajakwambia mfupa umeungana vizuri.

Msipoelewana

Baraza la LC lina mamlaka juu ya uharibifu wa mali usiozidi shilingi 2,000,000, basi baiskeli iliyovunjika inaweza kuishia hapo. Mguu uliovunjika upeleke kwa hakimu: daraja la kwanza husikiliza hadi 20,000,000, na hakimu mkuu hadi 50,000,000. Madai ya kuumia mwilini kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu ajali. Ukiishtaki serikali, kwa mfano aliyekugonga alikuwa mtumishi wake akiwa kazini, una miaka 2 tu.

Aliyekugonga akiwa kwenye kazi ya mwajiri, tuseme anapeleka mikate ya duka, mdai mwajiri pamoja naye. Ikiwa mwajiriwa aliyeumia akiwa kazini ni wewe, una njia nyingine kwa mwajiri wako mwenyewe: mpe taarifa ndani ya mwezi mmoja, kisha umwone afisa kazi wa wilaya.

Wakili wa bure anapatikana kupitia mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria Uganda, Justice Centres Uganda, kliniki ya chuo cha sheria cha Law Development Centre, na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa wanawake. Nenda na bahasha moja yenye kila karatasi. Wakili wa kulipwa akikwambia utamlipa ukishinda tu, jihadhari, kwa kuwa makubaliano ya namna hiyo hayakubaliki kisheria.

Hukumu ikitoka, fikiria vipi utaikusanya. Sheria haimruhusu dalali wa mahakama kukamata nguo, vyombo vya kupikia, matandiko wala zana za kazi za fundi, na kwa mtu mwenye hivyo tu hutapata kitu kwa kumtumia dalali. Mwombe hakimu apange awamu za kila mwezi, na kila awamu ilipwe kwa simu ili rekodi ibaki.