Kuweka viraka vya z/OS kwa SMP/E bila kugusa mfumo unaotumika

Mwongozo huu ni wa msimamizi anayejua kuandika JCL (maelekezo ya kuendesha kazi) na aliyekabidhiwa z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, ambayo rekodi zake za SMP/E, zana ya kuweka viraka, zilijengwa na wengine. Rekodi hizo hukaa katika CSI, faili la aina ya VSAM lenye kanda za aina tatu: GLOBAL inayotunza habari za viraka vilivyopokelewa, kanda lengwa inayoeleza maktaba zinazoendesha mfumo, na kanda ya usambazaji inayoeleza maktaba ambazo RESTORE huzitegemea kurudisha hali ya awali.

Hatua ya 1. Pokea viraka kwa RECEIVE, pamoja na HOLDDATA ya karibuni, yaani taarifa za viraka vyenye zuio (HOLD).

Hatua ya 2. Nakili diski ya mfumo na CSI ya kanda lengwa, kisha uipe kanda mpya jina lake kwa ZONERENAME. Ni vyema CSI hiyo ikae kwenye diski moja na maktaba inazozieleza, ili zinakiliwe pamoja.

Hatua ya 3. Elekeza DDDEF, maingizo yanayoiambia SMP/E maktaba ziko wapi, kwenye nakala. Kanda iliyonakiliwa huja na DDDEF zilezile, kwa hiyo APPLY, amri inayoweka viraka, ikiendeshwa sasa huandika kwenye maktaba za mfumo unaotumika, huku ripoti ikionyesha msimbo wa matokeo 0 kana kwamba mambo ni shwari. Marekebisho ni mistari michache (majina ni ya mfano):

SET BDY(TGTB).
ZONEEDIT DDDEF.
CHANGE VOLUME(RESA01,RESB01).
CHANGE PATH('/usr/lpp/'*,'/service/usr/lpp/'*).
ENDZONEEDIT.

Hata hivyo, CHANGE VOLUME hubadilisha tu maingizo yanayoitaja diski ya zamani. DDDEF isiyotaja diski yoyote hutafutwa kupitia katalogi, na katalogi itakupeleka kwenye maktaba hai yenye jina hilohilo. Ingizo la namna hiyo lirekebishwe kwa UCLIN, amri ya kuhariri ingizo mojamoja. Kwa upande wa PATH, hakikisha nakala ya mfumo wa mafaili imeshapachikwa chini ya /service. Zaidi ya hayo, DD (tamko la faili) iliyoandikwa katika JCL au PROC (JCL iliyohifadhiwa kutumika tena) hutangulizwa kuliko DDDEF, na PROC za zamani hazikosi DD ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa kwa nini. Mimi huanza na SMPCSI na SMPCNTL tu, nikaongeza nyingine pale SMP/E inapozidai. Mwishowe endesha LIST DDDEF na uisome yote, hata ikiwa ni mamia ya maingizo.

Hatua ya 4. Endesha APPLY CHECK, jaribio lisilobadilisha maktaba, usome ripoti, ndipo uendeshe APPLY. Ninapendelea JCL kuliko skrini za ISPF, kwa sababu JCL hubaki kama kumbukumbu ya kilichoombwa. HOLD za aina ya SYSTEM zinaweza kupitwa kwa BYPASS baada ya kutekeleza maelekezo yake. Za ERROR ziachwe, kwa kuwa zinatangaza kwamba kiraka chenyewe kina kasoro inayojulikana.

Hatua ya 5. Usiharakishe ACCEPT. Kiraka kikishakubaliwa, maktaba za usambazaji nazo hubadilika na RESTORE haiwezi tena kukiondoa. Subiri hadi mfumo mpya uwe umewashwa na kupitia shughuli za mwisho wa mwezi.