Silikoni ya kuziba faya woli ya ndege unayojijengea

Ile tyubu nyekundu ya gasketi inayouzwa kila duka la spea pale Mwanjelwa, Mbeya, iache. Najua imeandikwa inahimili nyuzi 300 na kitu ukaona inatosha, ila hizo ni za chuma kilichopata joto, sio za mwali wenyewe. Faya woli, lile bati kati ya injini na miguu ya rubani, kwa kanuni za Marekani inapimwa kwa moto wa nyuzi 1,093 za Selsiasi dakika 15, na alumini inayeyuka kwenye 660, sasa piga hesabu. Hizo dakika ndo za kutafuta pa kutua, na ukiwa juu ya milima ya Poroto tambarare haipatikani chap.

Kwahiyo tafuta silanti, yaani dawa ya kuzibia, iliyotengenezwa kuzuia moto. Wajenzi wengi wa ndege kule Marekani wanatumia 3M Fire Barrier 2000+, ni silikoni, kazi yake hasa ni kuziba matundu ya mabomba kwenye majengo. Kuna nyingine zinavimba zikipata moto na kujaza nafasi, nzuri sana, ila nyingi ni za maji, na kwenye injini inayolowa mvua na oili mi siziamini sana. Silikoni yenye harufu ya siki usiweke, asidi yake inakula chuma. Na ile ya kuzibia tenki la mafuta nayo hapana, inazuia petroli, moto haizuii.

Usiniamini mimi wala maandishi ya kwenye tyubu, choma mwenyewe. Chukua vipande viwili vya bati la stenlesi la milimita 0.4 hivi, viunge kwa riveti za chuma (sio za alumini jamani), paka silanti, acha ikauke kabisa alafu muombe fundi friji akuwashie tochi yake ya gesi. Fanyeni nje, upepo uwe mgongoni maana ule moshi sio wa kuvuta. Ukiondoa tochi ikaendelea kuwaka yenyewe, au ikadondoka vipande, tupa. Ikigeuka jivu jeupe lakini bado imeshika, hiyo sawa.

Nilichojifunza kwa kuchoma pesa ni kwamba silanti inaziba ufa, haizibi tundu. Tundu la kebo weka bati na ringi ya chuma, raba tupu inaungua mapema sana, silanti ije mwisho pembeni tu, upande wa injini, baada ya kusugua msasa na kufuta kwa asetoni. Halafu uvumilie, silikoni inakauka kwa unyevu wa hewani na huku Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 hewa kavu na baridi juu, mi tabaka nene lilinikalia bichi ndani siku kadhaa wakati juu lishakuwa gumu.

Ya kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ni stori nyingine. Ukimaliza kuziba subiri usiku, kaa kwenye kokpiti giza totoro, mtu amulike tochi upande wa injini taratibu kona zote. Popote unapoona kinukta cha mwanga, moshi wa ekzosi nao unapita, na kaboni monoksaidi haina harufu, weka alama ya chaki kesho urudie.