Kumsaidia Aliyepata Kiharusi Aweze Kujihudumia Tena Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi kutoka hospitalini, familia nyingi humlisha, humvisha na kumwogesha kana kwamba mkono uliopooza umeondoka na ule mzima pia. Tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku, hufuata njia nyingine. Mtaalamu wake, ambaye kwa Tanzania huenda amesomea katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, haangalii misuli peke yake, bali huichukua shughuli ambayo mgonjwa mwenyewe anaitamani, akaigawa katika hatua ndogo, kisha akamfundisha upya au akabadilisha vifaa na mazingira mpaka iwezekane. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huendelea nyumbani, mikononi mwa ndugu.

Anza kwa kumwuliza angependa kufanya nini kwanza, maana huenda kutawadha au kujifunga kanga kukawa na uzito zaidi kwake kuliko kutembea. Chagueni shughuli moja. Wewe fanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, umwachie aimalizie. Akiizoea, mwachie mbili za mwisho, kisha tatu, ili kila zoezi likome kwa yeye kukamilisha kazi.

Katika kuvaa, akae kwenye kiti kigumu chenye egemeo, nyayo zote mbili zikikanyaga sakafu. Mkono dhaifu huingia kwanza, nguo ivutwe hadi begani, ndipo uingie ule mzima. Wakati wa kuvua, mzima hutangulia kutoka. Nguo pana na suruali ya mpira kiunoni hurahisisha mambo, na vifungo vyaweza kusubiri. Usimvute kamwe kwa mkono dhaifu wala kumwinua kwa kumshika kwapani, kwa sababu misuli iliyolegea haishikilii tena bega ipasavyo, na maumivu yake yaweza kumfanya akatae mazoezi yote.

Mezani, tandika kitambaa kibichi chini ya bakuli lisiteleze, na unenepeshe mpini wa kijiko kwa kuuzungushia kitambaa. Mkono dhaifu usining'inie. Uwekwe juu ya meza. Uliopooza ukiwa wa kulia, kula kwa kushoto huwa aibu kubwa kwa wengi wetu, basi lizungumzeni mapema. Kwa maoni yangu, kijiko hupunguza aibu hiyo kuliko maneno mengi ya faraja. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, acheni kumlisha na mrudini hospitali.

Bafuni ndipo penye hatari kubwa. Aoge akiwa amekaa, lakini kiti chepesi cha plastiki huteleza kwenye sakafu yenye maji, hivyo afadhali cha mbao chenye miguu mipana. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala aweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, na fundi akakaza bomba la kushikilia ukutani, upande wa mkono mzima. Maji ya moto yapimwe kwa mkono huo mzima, kwa kuwa ule dhaifu waweza kuungua bila kuhisi.

Kazi nzito zipangwe wakati ambao hajachoka. Tena, ukiona anaacha chakula cha nusu moja ya sahani, au anajigonga mlangoni upande uleule kila siku, usimkaripie: ubongo wake huenda hautambui upande huo, na mtaalamu anapaswa kuelezwa mapema ili abadilishe mazoezi.