Jinsi ya kujenga modeli ya kifaru Tetrarch kikiwa kinakata kona

Juzi nimemaliza kumsaidia mpwa wangu kujenga Tetrarch, kifaru chepesi cha Waingereza cha Vita vya Pili vya Dunia, ya skeli 1/35, na kuna hatua moja pale ilinilia siku mbili nzima nilipojenga ya kwangu, so naiandika isikusumbue na wewe.

Hatua 1: Chagua ni ya vita gani kabla hujafungua gundi. Ukitaka Madagascar, Mei 1942, Waingereza walipoingia bandari ya Diego Suarez na Tetrarch 6 na vifaru vingine 6 aina ya Valentine, acha mdomo wa mzinga wa kawaida. Ukitaka Normandy, Juni 1944, unaweza kuweka kile kipande cha Littlejohn mbele ya mzinga, kilikuwa kinaibana risasi ili itoke kwa kasi zaidi. Usivichanganye, kipande hicho Mei 1942 kilikuwa hakijaanza kutumika.

Hatua 2: Unganisha bodi na kichwa chenye mzinga. Ribiti usizipige msasa.

Hatua 3: Magurudumu na cheni. Hapa tulia. Vifaru vingi ili vikate kona vinafunga breki upande mmoja, ila kampuni ya Vickers walipokichora hiki mwishoni mwa miaka ya 1930 walikipa usukani kama wa gari: dereva akizungusha, magurudumu yote 8 yanageuka na kuinama na cheni yenyewe inajipinda kama upinde. Kifaru cha tani 7 na nusu, injini ya Meadows ya nguvu farasi 165, kilikimbia kilomita 64 kwa saa barabarani, na kwa usukani huo kwenye kona ya kawaida hakikuhitaji kupunguza mwendo kwa kubana cheni moja. Ukikijenga magurudumu yamenyooka umeficha kitu kizuri kuliko vyote kwenye kifaru hiki.

Mara ya kwanza nilipinda magurudumu nyuzi kama 15 hivi, cheni ikakatika sehemu tatu na ekseli mbili zikavunjika. Kumbe kinachotakiwa ni kidogo sana. Chukua uzi wa mita 1, shikilia ncha moja sakafuni, nyingine funga penseli, chora upinde kwenye karatasi. Kifaru chako kina sentimita 12 tu, kwa hiyo gurudumu la mbele na la nyuma yanapinda nyuzi mbili mpaka tatu, ya katikati chini ya moja. Kona ya kulia: ya mbele yanatazama kulia, ya nyuma kushoto, pande zote mbili sawa! Kata pini ya ekseli, gundisha upya kifaru kikiwa juu ya karatasi, magurudumu yakifuata ule upinde, iache ikauke mpaka asubuhi. Kuinama nakuacha, kwa skeli hii hakuonekani. Cheni tumia ya pingili moja moja, ile ya mpira siipendi kabisa, inarudi kunyooka. Gundisha pingili, subiri nusu saa, zungushia gundi ikiwa bado laini.

Na kama unataka kona kali, acha magurudumu yanyooke, maana hapo hata dereva mwenyewe alitumia breki.

Hatua 4: Rangi. Brashi inatosha.

Hatua 5: Kwa Normandy, zungushia uzi mweupe kwenye magurudumu. Jioni ya Juni 6 vilishuka na glaida za Hamilcar, ndege kubwa zisizo na injini, na vingine vikakwama palepale uwanjani, kamba za miavuli zimejisokota kwenye cheni. Tumia uzi wa cherehani, ule wa kufumia ni mnene mno.