Kabla hujamshusha ng'ombe uani: kagua hata kupe wadogo

Kibali cha kusafirisha mifugo kikate kabla hujalipia gari. Banda liwe limekwisha, si "nitamalizia kesho". Nyasi na maji viwepo. Ukitokea Kwale kuja Mombasa, vuka feri alfajiri. Ng'ombe akikwama foleni ya Likoni saa sita mchana, usimlaumu dereva.

Halafu kupe. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mtamba wangu wa kwanza nilimleta Kisauni nikamkagua mwenyewe. Nikang'oa wale wakubwa wa kijivu, wamevimba kama mbegu za mbarika, nikawatupa nyuma ya banda. Masikioni vikabaki vidude bapa vya kahawia. Nikasema hivi havina neno.

Wiki mbili baadaye tezi zilimvimba chini ya sikio, homa juu. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Daktari wa mifugo alimpiga sindano akapona, ila bili yake hadi leo sijaisahau. Alipomaliza alimbenua kupe jike kwa kibano akaniita nitazame: chini yake kajibana dume, tumbo kwa tumbo.

Akanieleza kwamba jike asiyepandwa hunyonya polepole, hufika kama mara kumi ya uzito aliokuja nao, kisha husita. Hung'ang'ania pale pale akingoja dume. Akishapandwa, ulafi humwingia: siku ya mwisho hufakamia damu hadi kama mara mia, hujiachia, huanguka, hutaga maelfu ya mayai penye unyevu, hufa. Dume hanenepi. Hunyonya kidogo tu, akabaki juu ya ng'ombe akihama jike hadi jike. Kwa hiyo vile vidude nilivyovidharau ndivyo vilivyokuwa vikiwashibisha wale wakubwa. Na ugonjwa wala hauendi na unene; kupe bapa anautia vilevile.

Wale wanene niliowatupa je? Walikuwa wameshapandwa na kushiba. Nilichofanya ni kuwaatika kwa mkono wangu kwenye mbolea mbichi. Baada ya mvua nikavikuta vitoto vya miguu sita kwenye ncha za majani, vidogo kama chembe za pilipili manga iliyosagwa.

Basi kagua ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele. Toa wote, wakubwa kwa wadogo, uwatie kwenye chupa ya spiriti. Usiwapasue kwa kucha. Dawa ya kuogesha ipime kama lebo inavyosema, wala usiikadirie kwa kifuniko cha soda, na ifike masikioni. Wiki ikipita rudia, maana jike aliyepandwa hachukui siku nyingi kushiba.

Uliza maziwa yaachwe siku ngapi baada ya dawa. Watoto wakae mbali unaponyunyiza. Mbwa wa jirani asilale bandani. Nyasi za kukata kando ya barabara zitazame kwanza. Na lile gunia la majani ambalo muuzaji hukupa bure, "ale njiani", usilishushe kwako hata likiwa bichi namna gani.