4x4 inapanda mlima mkali kiasi gani, na ikikugomea katikati ufanye nini

Ukiuliza swali hili watu wengi watakujibu kwa injini, mara ina dizeli kubwa, mara ina turbo, ila kwenye 4x4 nyingi injini sio ya kwanza kushindwa. Ukishaweka 4L, yaani gia nzito za mwendo wa polepole huku matairi yote manne yakisukuma, nguvu inayofika kwenye matairi inazidishwa kama mara mbili na nusu hivi kwa gari nyingi, zingine hadi mara nne, kwa hiyo nguvu ipo. Kinachoshindwa ni tairi kushika ardhi. Ndio maana kabla hujauliza gari yako inaweza nini, uliza kwanza huo mlima una udongo gani.

Tuelewane vipimo maana hapa ndio watu wanachanganya sana. Asilimia 100 sio ukuta, maana yake kila mita 100 unazosogea mbele kwa usawa umepanda juu mita 100, yaani nyuzi 45. Asilimia 30 ni nyuzi 17 tu. Baldwin Street ya Dunedin, New Zealand, inayojulikana duniani kwa ukali wake, ina kama asilimia 35, nyuzi 19 hivi, na gari ndogo za kawaida zinapanda kwa sababu ni zege. Macho nayo yanadanganya, ukisimama chini ya kilima cha nyuzi 20 utaapa ni 40. Usikisie bana, simu nyingi zina pimamaji ndani yake, laza ubao ulionyooka kwenye mteremko, weka simu juu yake usome.

Sasa hesabu yenyewe. Kama matairi yote manne yanasukuma sawasawa, mwisho wako ni mshiko wa tairi. Ardhi inayokupa mshiko wa 0.6 ya uzito wa gari mwisho wake ni asilimia 60, haijalishi gari ni nzito au nyepesi. Kwa makadirio, lami kavu au mwamba mkavu wenye kukwaruza unaweza kukufikisha asilimia 80, nyuzi 38 na kitu. Udongo mkavu ulioshikana au changarawe ni nyuzi 27 mpaka 31. Majani mabichi yenye maji nyuzi 17 na hapo umebahatika, tope la utelezi ni nyuzi 11 au chini ya hapo. Kwa hiyo kilima kile kile ulichopanda jana kikavu, leo baada ya mvua ni kilima kingine kabisa. Hata Humvee ya jeshi la Marekani ilitengenezwa kwa kigezo cha kupanda asilimia 60, yaani nyuzi 31, sasa mtu akikuambia gari yake inapanda nyuzi 60 kwenye udongo, hapo ujue hakupima. Alafu kumbuka hiyo hesabu inataka matairi yote yafanye kazi, tairi moja ikining'inia hewani na huna difu loki, yaani kifaa cha kulazimisha tairi za pande zote mbili zizunguke pamoja, inazunguka yenyewe na ile ya upande wa pili inabaki imekaa tu.

Kabla ya kupanda shuka, tembea kwa miguu mpaka juu. Ukiona wewe mwenyewe unateleza kwa viatu basi na tairi itahangaika. Angalia mashimo, mawe yaliyolegea, na zaidi ya yote angalia kama njia inalalia upande. Mizigo ya juu ya paa shusha, inapandisha juu kitovu cha uzito wa gari na kuifanya ipinduke kirahisi. Upepo wa tairi punguza mpaka kwenye psi 20 hivi ili zilale na kushika vizuri, ila baada ya hapo uendeshe polepole na ujaze tena kabla hujarudi lami. Mafuta yakiwa machache kwenye tangi usijaribu, gari ikiinama pampu inaweza kuvuta hewa.

Ingia ukiwa umenyooka na mlima, 4L, gia ya pili au ya tatu kwa gari ya manyuali, maana ya kwanza inafanya matairi yaspini haraka. Difu loki funga ukiwa chini. Mwendo uwe wa kutosha tu, usiurukie mlima kwa kasi, gari ikidunda tairi zinaachia ardhi na hapo ndio unapoteza mshiko. Usibadilishe gia katikati. Zikianza kuspini punguza mafuta kidogo, chezesha usukani kushoto kulia kidogo kidogo, mara nyingi tairi zinapata pa kushika.

Ikigoma, hapa ndio watu wanaumia, naomba usome taratibu. Kanyaga breki. Usiweke nyutro, usiishushe kwa klachi, na USIGEUZE gari hata kama unaona nafasi ipo, kwa sababu gari ni ndefu kuliko ilivyo pana na ikikaa kiubavu kwa mlima inabiringika. Weka rivasi ya 4L, klachi iachie kabisa, injini ndio ikushushe, breki achia taratibu, macho kwenye vioo vyote viwili, urudi ulikotokea ukiwa umenyooka. Tairi zikijifunga na gari ikaanza kuserereka achia breki kidogo, hata ongeza mafuta kidogo ikiwa kwenye rivasi, ili tairi zizunguke na usukani urudi mikononi mwako.

Ukikaribia kileleni utakuwa unaona boneti na mbingu tu, kwa hiyo mtu mmoja asimame juu kando ya njia, akuonyeshe kwa mkono kuna nini upande wa pili, na wewe punguza mafuta kabla tairi za mbele hazijavuka.