Kusafisha mkufu wa meya bila kuuchubua

Kikao cha kumchagua meya kikikaribia, ndipo sanduku linapofunguliwa na mkufu kukutwa umepiga weusi. Weka stiliwaya kando. Ndimu na majivu pia, na dawa ya meno.

1. Jua ni metali gani

Pindua beji kubwa ya chini, soma mihuri kwa lenzi ya sonara. Namba 925 ni fedha: sehemu 925 kati ya 1,000. Kwenye kazi ya Uingereza tafuta simba anayetembea. Nanga ni alama ya Birmingham, kichwa cha chui ni ya London. Rangi ya dhahabu isikudanganye, mara nyingi ni fedha au shaba iliyochovywa. Usipoona muhuri, chukulia kwamba imechovywa.

2. Piga picha, hesabu pingili, pima uzito

Mbele na nyuma.

3. Safisha

Hapa ndipo mikufu inapoharibikia. Dhahabu yenyewe haipigi weusi. Weusi unaouona juu yake umetoka kwenye fedha iliyo chini, ukapenya vitundu vya tabaka jembamba la dhahabu. Ukisugua kwa dawa ya kung'arishia fedha, weusi utaondoka pamoja na dhahabu, kisha weusi utarudi haraka zaidi kwa kuwa fedha sasa iko wazi. Tabaka hilo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Hakuna cha kusugua hapo.

Tia matone 2 ya sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato katika nusu lita ya maji yaliyotoneshwa. Yale yanayouzwa kama maji ya betri yanafaa, ila soma chupa: nyingine ni asidi. Chovya kijiti cha pamba, kikamue, pitisha taratibu. Kikichafuka, chukua kingine. Malizia kwa kijiti chenye maji matupu, halafu kausha kwa kitambaa cha pamba na draya ya saluni, upepo wa baridi tu.

Usiuzamishe mkufu wenye nembo za rangi. Rangi hizo ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya metali. Maji huingia kwenye nyufa na kuibandua. Ule mtindo wa magadi ya kuokea na karatasi ya alumini unahitaji kuzamisha, basi uache. Tena hufuta hata weusi uliowekwa makusudi ili maandishi yasomeke.

Weusi ukibaki kidogo, ubaki. Mkufu mkongwe si sufuria.

4. Kagua pete za kuunganishia

Iliyolika hadi nusu ya unene ibadilishwe. Mwambie sonara aing'oe beji ya enameli kabla ya kuchomelea, la sivyo joto litaipasua. Ukipata mwenye mashine ya leza, mpe yeye.

5. Shona vitanzi 2 mabegani mwa joho

Bila vitanzi mkufu huteleza nyuma na kumkaba mvaaji. Manukato yapuliziwe kabla ya kuuvaa.

6. Hifadhi

Sufu, mpira na gazeti havifai: sufu na mpira vina salfa, nayo ndiyo huleta weusi. Funga kwa pamba nyeupe iliyofuliwa bila wanga, tia kwenye mfuko wa zipu pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ina chumvi, vikague kila mwezi.